Bakteria Wangu Peke Yangu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Profesa Winfred amepiga simu kutoka chuoni. Alhamisi wakaguzi wa utafiti wanakuja hapa Garsen kuonja maziwa lala yetu, yale tunayogandisha kwa bakteria. Yakiharibika, kituo chetu kinafungwa na shahada yangu ya uzamili inakwenda nacho. Akasisitiza tushirikiane watatu: mimi na bakteria wangu, mhandisi Kitsao na tangi lake, Mama Batula mfugaji na maziwa yake. Watatu! Anayejua bakteria ni mimi, basi sifa ni zangu. Nimemtuma Kitsao mjini Hola akatafute mpira wa bomba usiohitajika. Mama Batula nimemwambia alete maziwa tu, mengine awaachie wasomi.

Jumanne, 4 Februari
Nimechemsha lita hamsini peke yangu. Joto la chumba halivumiliki. Nikachomoa waya mmoja ukutani, nikachomeka feni. Raha. Kioo cha tangi kiliandika 61. Nikadhani ni dakika zilizobaki. Nikamimina bakteria wote, hata wa akiba, ili maziwa yagande upesi.

Saa kumi jioni nikatazama kwa hadubini. Hakuna aliye hai. 61 zilikuwa nyuzi joto, na waya ule ulikuwa wa pampu ya kupoza maziwa. Nimewapika.

Jumatano, 5 Februari
Kitsao amerudi na mpira. Nikamwambia tangi lake ni bovu. Aliufuata waya wa feni kwa macho hadi ukutani, akarudisha ule wa pampu, akanikabidhi feni mkononi. Afadhali angenitukana.

Mama Batula akaja, akanusa, akauliza kwa nini nimewaua. Kisha akasema kwamba baada ya jaribio la mwezi uliopita alibeba kikombe cha maziwa yetu nyumbani. Tangu hapo anayaongezea maziwa mapya kila siku katika vibuyu viwili, kwa sababu hapendi kitu kizuri kife. Nikamwomba avilete vyote viwili.

Kibuyu cha kwanza kilikuwa na vijidudu wageni. Hapo hadubini yangu ikafaa. Cha pili kilikuwa safi. Mama akazunguka kwa jirani zake, na kiangazi hiki zikapatikana lita ishirini tu. Tukachemsha. Kitsao akayapoza hadi nyuzi ishirini na nane, Mama akamimina humo kibuyu kile safi, joto likabaki hapo hapo. Mimi nilikatazwa kugusa waya wowote.

Alhamisi, 6 Februari
Yameganda. Mazito, laini, harufu safi. Wakaguzi wamekunywa, wakaomba tena. Mmoja akauliza kazi hii ni ya nani. Nilikwisha kufungua mdomo, Mama Batula akanitangulia.

"Huyu anaona, mimi nanusa, yule anashika joto," akasema. "Mmoja angekosa, hapa mngekunywa uvundo."

Kituo kimeongezewa miaka miwili. Shahada ipo! Nimekaa nje ya maabara nikihema kama mtu aliyevuka mto Tana na mamba hakumwona. Nimewashukuru wote wawili, tena kwa moyo.

Ijumaa, 7 Februari
Nimelala usingizi mzuri, nimeamka na wazo. Siki ya ndizi za kutoka Wenje. Watafiti: mmoja. Siki haina tangi wala pampu, Kitsao wa nini? Haina ng'ombe, Mama Batula wa nini? Nimeponda ndizi, nikatia maji na hamira kwenye mtungi wa plastiki, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote na kukizungushia gundi, mtu asije akanusa. Nimeuficha chini ya kitanda changu.

Jioni hii nimeuchungulia. Umevimba pande zote. Dalili njema kabisa.