Safari ya Kito, Kupitia Pujini

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimesafiri! Kijijini kwetu Konde wote wanajua nimekwenda Kito, mji mkuu wa Ekwado, Amerika ya Kusini. Kwa kweli niko Pujini, hapahapa Pemba, ndani ya magofu. Nimetandika mkeka nyuma ya ukuta.

Sababu ni Ruweida. Babake, Mzee Himid, kasema mwanamme ambaye safari zake zimeishia Wete, mji wa jirani tu, hampi binti yake. Ijumaa ataamua: miye au Hafidh. Hafidh kakaa Maskati, basi hata akikohoa anakohoa Kiarabu. Miye skuli niliishia darasa la tatu, na mbele za watu ulimi hunikauka. Lakini nna begi la mgongoni na kitabu cha picha za Kito, kaniachia mtalii wa hukohuko. Makanisa ya kale, viwanja vya mawe, kuta kuukuu. Kuta kuukuu hata Pujini zipo!

Mama hunihusia siku zote: ukiingia magofu piga hodi, ukitoka aga. Nimefungua mdomo. Nikaona haya. Hodi kwa mawe? Nimeingia kimyakimya.

Jumanne, 9 Septemba

Picha ya kwanza! Adhuhuri, jua la utosini. Simu juu ya jiwe, miye na begi langu, nyuma kisima kikavu. Nimeandika: Ngome ya kale ya Kito. Ruweida kajibu upesi. Kasema babake kaitazama mpaka kavua miwani akaipangusa. Ila kauliza yule mama wa kanga nyeusi, aliyeinama kisimani, anateka nini.

Nimeikuza picha. Kweli yupo.

Nimekwenda kuchungulia kisimani. Majani makavu tu. Nimemjibu: Mwenyeji wa hapa huyo. Si uongo, nafikiri.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamka nimefagiliwa! Kote kuuzunguka mkeka ni mistari ya ufagio, na hakuna unyayo hata mmoja. Atakuwa Bi Kijakazi, mwenye shamba la mihogo hapa jirani. Mtu mwema.

Hafidh fitina. Kamwambia Ruweida picha ilipofika, Kito kulikuwa bado hakujakucha, sasa jua lile nimelitoa wapi? Nimejibu kwamba Kito iko juu milimani, jua linaanzia kule. Mzee Himid karidhika! Kamwambia Hafidh kwani yeye keshafika?

Picha ya leo: Uwanja wa mawe. Ruweida kasema yule mama yupo tena, sasa kasimama ukutani, na mbona kajifunika uso mzima?

Hakukuwa na mtu. Walahi hakukuwa na mtu. Ningekimbia, lakini nikionekana njiani Kito imekwisha, na Ruweida kenda. Nimekaa. Nimejibu ndivyo wanavyovaa huku.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Kijakazi kanifuma mchana. Nimemshukuru kwa kunifagilia. Kaniangalia weee. Kasema mguu wake mbovu, tangu wiki iliyopita leo ndio mwanzo kufika shambani.

Akauliza, "Mwanangu, lakini hodi ulipiga?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Akasema basi nikiondoka niage, kwa sauti, aliyemo asikie. Kaondoka kinyumenyume, na mguu wake huo mbovu.

Nimepiga picha moja tu ya mwisho. Nimetabasamu, Ruweida hupenda nikitabasamu. Begani nikahisi baridi, kama nimewekewa kitambaa kibichi.

Ijumaa, 12 Septemba

Msiba! Ruweida kaandika: Hongera kwa kupata mke. Picha ya jana yule mama yuko ubavuni pangu, mkono begani. Mzee Himid kasema binti yake hendi ukewenza na mtu wa Ekwado. Baada ya sala kamkubalia Hafidh. Nasikia Hafidh kakohoa.

Nimefunga begi. Pa kutokea nimesimama niage. Kumbe shambani kuna watu wanang'oa mihogo, wote wakageuka wakanitazama. Nimeona haya. Nikatoka hivyo hivyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Niko nyumbani Konde. Jana begi lilinielemea njia nzima, na ndani mna mkeka, kitabu na kandambili tu. Asubuhi nimekuta uwanja wetu umefagiwa. Hauna unyayo.

Mchana Mama kapakua sahani mbili za wali. Nimemuuliza ya pili ya nani. Kasema ya mgeni wangu, na adabu nimeiacha wapi, mwanamke wa watu yuko ukumbini kasimama tangu jana, hata karibu simwambii!

Nimekula haraka, macho kwenye sahani.

Si neno. Harusi ya Hafidh bado. Nimeshajua kosa langu: nilichagua mji wenye watu. Jumatatu nakwenda mji wa Lima, hukohuko Amerika ya Kusini, yaani kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, hapahapa Pemba. Ruweida akiniona pichani peke yangu, ataamini yule nimemwacha. Na hodi sipigi, nitasikiwa na wavuvi.

Nimekwenda chumbani kufunga begi.

Limeshafungwa.