Utepe wa Maembe wa Baba Hakimu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Jumamosi ni Siku ya Wazazi shuleni kwa Hakimu, na mara hii siaibiki.

Hakimu ni binti yangu wa pekee, miaka tisa. Si jina lake, ni kazi yake hapa nyumbani. Anatazama, ananyamaza, kisha anatoa hukumu. Mimi na mama yake hatujawahi kukata rufaa tukashinda.

Kila mzazi hupeleka kitafunwa alichotengeneza kwa mikono yake. Mwaka jana nilipeleka biskuti. Mikono yangu ilihusika, maana ndiyo iliyobandua lebo. Lebo moja ikabaki chini ya sahani. Mtoto mmoja wa Baba Pacha, mzazi mwenzangu mwenye mapacha darasa hilohilo, akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, mpaka tarehe ya kuharibika. Baba Pacha mwenyewe alisimama kando ya keki yake akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Simpendi.

Nilidhani yameisha. Leo Mwalimu wa darasa amekuja dukani kupimwa suruali, akashangaa kuniona nyuma ya cherehani. Akaniuliza nimerudi lini. Nikamuuliza kutoka wapi. Kumbe Hakimu amemwambia baba yake yuko safarini, na Jumamosi hatakuwepo.

Nilimpima kiuno mara tatu, kila mara jibu tofauti. Mtoto wangu amenisafirisha ili nisionekane! Nimeumia, na sioni haya kuliandika.

Mchana akaja mteja wa magauni. Akatoa kwenye mkoba kitu kilichoviringishwa, chembamba, rangi ya machungwa. Nikadhani ni sampuli ya kitambaa. Akakitafuna! Akanigawia. Tamu, laini, kinavutika mdomoni, hakiishi upesi. Akasema ni utepe wa matunda, unatengenezwa nyumbani. Unasaga maembe na asali na ndimu, unapaka kwenye trei safu nyembamba, unakausha kwenye oveni kwa nyuzi sabini, mlango ukiwa wazi kidogo, masaa saba.

Nimeandika yote kwenye karatasi ya kuchorea mitindo. Nimeibandika ukutani jikoni. Jumamosi Hakimu atasimama mbele ya watu aseme huyu ndiye baba yangu. Sitaki kingine.

Jumanne, 4 Juni

Masaa saba ni ya watu wasio na akili ya hesabu.

Nyuzi sabini mara masaa saba ni mia nne na tisini. Oveni yetu inafika mia mbili arobaini na tano bila kulalamika. Gawanya. Masaa mawili tu! Ajabu hakuna aliyeligundua hili kabla yangu. Nimefunga mlango kabisa ili moto usipotee bure, nikakaa kusubiri huku nikipanga namna ya kupokea pongezi kwa unyenyekevu.

Baada ya dakika arobaini moshi ulianza kunisalimia.

Kilichotoka si utepe. Ni kioo cheusi, kimeshikana na trei kama kiraka kilichoshonwa mara mbili. Nimejaribu kisu. Nimejaribu kisu kikubwa. Nimejaribu nyundo, kikaruka kipande kikavunja glasi ya mke wangu, ile anayoipenda.

Mke wangu ni muuza dawa, mtu mtulivu, hapandishi sauti. Alirudi, akasimama mlangoni, akanusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye oveni, akachomoa kitasa cha kuongezea moto, akakitumbukiza kwenye mkoba wake wa kazini, akavuta zipu. Akasema chakula kiko mezani.

Hakimu alitazama trei. Akanyamaza. Akauliza kama safari yangu haiwezi kuwa ya kweli.

Jumatano, 5 Juni

Oveni haina kitasa. Sawa. Fundi hashindwi.

Nimekaa nikafikiri, kukausha ni nini? Ni joto na mgandamizo. Na ni nani mwenye joto na mgandamizo mikononi mwake tangu ujana? Mimi! Pasi!

Dukani nimepaka maembe juu ya karatasi, nikafunika kwa karatasi nyingine, nikapiga pasi. Mvuke ukapanda, harufu ikajaa duka zima. Dada wa vifungo, anayekaa nami dukani, akasema kunanukia kama harusini. Kwa dakika tano nilikuwa mtu mkubwa. Nilitaka hata kumpigia simu Baba Pacha nimwambie asihangaike na keki.

Kisha karatasi ikachanika, maembe yakatokeza pembeni, pasi ikakwama. Niliivuta. Ikaja na meza.

Nimeifuta pasi vizuri. Naamini niliifuta vizuri. Kisha nikanyoosha suruali ya Mwalimu, ya kijivu, ile atakayovaa Jumamosi akiongoza sherehe. Nikaitundika.

Nimemkuta Baba Pacha njiani na trei mbili za mayai. Akaniambia mwaka huu keki ina ghorofa tatu. Akaongeza kwa upole kwamba kama sina la kupeleka nisione aibu, watahitaji mtu wa kugawa sahani. Nikamwambia asante, nikajitia hamnazo. Ghorofa tatu! Mtu ana watoto wawili tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu amekuja kuchukua suruali. Aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza yale mabaka yanayong'aa makalioni ni ya nini.

Nikamwambia ni mtindo mpya.

Akaniuliza mbona mtindo unanata. Kweli ulinata. Alikaa kwenye stuli, akainuka, stuli ikamfuata. Nje ya duka nyuki wawili wakajiunga naye. Dada wa vifungo alijifungia chooni, nikasikia kicheko chake kupitia ukutani.

Mwalimu hakucheka. Alisema anataka suruali nyingine, mpya, kitambaa kilekile, kesho jioni, na ataketi papo hapo anitazame nikiishona. Akauliza ni kitu gani kile. Nikakiri ni maembe. Akasema sasa anaelewa kwa nini yule mtoto alisema nimesafiri.

Hilo lilinichoma kuliko pasi.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Hakimu alikuwa akifanya hesabu zake. Nilitaka kumuuliza kwa nini alisema vile. Nikamuuliza saba mara nane. Akanijibu.

Nyuma ya mlango wa stoo nimeona koleo.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo!

Asubuhi, mke wangu alipoondoka na kitasa mkobani, nilibana kile kijiti kilichobaki kwenye oveni kwa koleo, nikakizungusha. Nyuzi ngapi, sijui. Koleo haisemi. Nilipaka maembe kwenye trei, nikaingiza, nikafunga mlango. Mpango wangu ulikuwa nichungulie kila dakika kumi, na nikiona uvivu niongeze moto.

Lakini nilikuwa nimemsahau Mwalimu. Nilitoka kidogo tu kufungua duka, nikamkuta ameshakaa kwenye stuli nyingine, safi, miguu ameikunja, saa mkononi. Akasema ameomba ruhusa shuleni, tuanze.

Nimekata. Nimeshona. Nimefumua. Nikiinuka anauliza naenda wapi. Nilimwambia nimeacha kitu kwenye oveni. Akauliza ni suruali ya nani. Nikakaa. Mchana ukapita, moyo uko jikoni, miguu iko kwenye cherehani. Kila nikisikia honi barabarani nilidhani ni zimamoto wanauliza njia ya kwangu.

Saa kumi na moja jioni alilipenda pindo la mwisho. Nilikimbia na sindano ikiwa bado kwenye kola.

Nyumba ilikuwepo! Nikaingia jikoni nikitegemea majivu. Nikamkuta Hakimu kwenye kiti kidogo mbele ya oveni, daftari magotini. Mlango wa oveni ulikuwa wazi kidogo, umezuiwa kwa mwiko wa mbao. Akaniambia alirudi kutoka shuleni akasoma karatasi yangu ukutani, imeandikwa mlango uwe wazi, mbona mimi niliufunga. Nikamwambia nilikuwa nakaribia kuufungua.

Nikatoa trei. Jamani. Utepe umekauka, unang'aa, unabanduka kwa ukucha kama bitana. Pembeni umeungua kidogo, katikati una matuta, na upande mmoja umevimba kama jipu. Lakini unatafunika! Nilimpa Hakimu kipande. Alitafuna. Alitafuna tena. Nilisimama mbele yake bila kupumua.

Akasema si mbaya.

Kwa mtu asiyemjua, hiyo si sifa. Mimi nilikwenda chumbani nikakaa kitandani kidogo.

Sasa nimeelewa siri yote. Ni koleo. Kwa kitasa mtu hapati ule mzunguko.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka kabla mkono haujapoa.

Asubuhi nilizitazama tepe zangu kwenye mwanga wa jua. Sura mbaya! Nikazifikiria karibu na ghorofa tatu za Baba Pacha. Nikapata woga. Mtu mwenye busara huwa na akiba. Nikapita supamaketi, nikanunua tepe za matunda za kiwandani, nyekundu, kijani, laini, zimenyooka. Nikazikata kwa mkasi wangu wenye meno ili zifanane na kazi ya fundi. Mifuko yake nimeitupa kwenye pipa la mtaa wa pili, si la kwetu. Lebo hakuna hata moja, nimekagua mara mbili. Mtu hujifunza.

Nikazipanga sahani moja, zangu chini, za dukani juu.

Hakimu aliniona nikiingia darasani. Alitazama sahani. Akatazama mkoba wangu. Akaenda kukaa na wenzake upande wa dirisha, wala hakumwambia mtu mimi ni nani.

Keki ilikuwa na ghorofa tatu kweli. Baba Pacha alinipungia mkono kutoka nyuma ya ghorofa ya pili. Mke wangu alisimama nami, akanong'ona kwamba tepe hizi nyekundu hakuziona nyumbani. Nikamwambia zilikuwa nyuma ya nyingine.

Watoto wakaja. Wakachukua nyekundu, wakachukua kijani. Nilianza kuvimba kichwa. Kisha mtoto mmoja wa Baba Pacha, yuleyule msomaji, akaigeuza tepe yake juu chini. Katikati yake kulikuwa na nyota ndogo iliyogandamizwa. Mimi niliiona asubuhi nikadhani ni pambo! Akasema kwa sauti kwamba nyota hii iko kwenye zile zinazouzwa supamaketi. Pacha wake akafungua begi lake la shule, akatoa moja ikiwa bado kwenye mfuko wake, akaziweka pamoja. Nyota kwa nyota.

Baba Pacha akawa anapigwa ile picha yake. Mwalimu, ndani ya suruali yangu mpya, akashusha macho. Nilitamani kusafiri kweli, hata kwa miguu.

Ndipo Hakimu akainuka dirishani.

Alikuja mpaka mezani, uso umefungwa. Hakunitazama. Akaanza kutoa zile za nyota moja moja, akizirundika pembeni, mpaka akafika chini, kwenye zile za matuta na pembe zilizoungua. Akainua moja juu, ile iliyovimba kama jipu, watu wote waione. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akasema hizo za rangi zimenunuliwa, mtu yeyote anaweza kununua.

“Hizi zenye sura mbaya ndizo alizotengeneza baba yangu. Jana nilizilinda mwenyewe kwenye oveni. Ni huyu hapa.”

Akaninyooshea kidole.

Baba yangu. Ni huyu hapa. Mbele ya darasa zima, mbele ya keki.

Watoto wakachukua zile mbaya. Wakatafuna. Wakarudi. Mwalimu alichukua kipande kikubwa akakitia mdomoni kizima, kisha ikafika zamu yake ya kukaribisha wageni, akashindwa kufungua mdomo. Tulisubiri dakika nzima huku akitafuna, akituonyesha kwa mkono kwamba anakuja. Mmoja wa mapacha alizuiwa na baba yake asichukue ya tatu, akalia.

Mke wangu alinishika kiwiko. Akafungua mkoba, akanitilia kitasa cha oveni mfukoni. Mimi nilisema vumbi limeniingia machoni. Darasa lilikuwa limepigwa deki.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Hakimu kama bado niko safarini. Akasema nimerudi, ila nisifanye tena vile. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na akili nyeupe. Nimeyapitia matukio yote ya jana kwa utulivu, kama mtu mzima, na somo liko wazi kabisa.

Kosa langu halikuwa kununua. Kosa langu lilikuwa kununua nzuri.

Watu wanaamini kitu chenye sura mbaya! Sasa kwa nini nihangaike masaa saba na mwiko mlangoni? Mwakani nitanunua za kiwandani wiki mbili kabla. Nitaipiga pasi ile nyota mpaka ipotee. Pembeni nitaunguza kidogo kwa kiberiti, katikati nitatia matuta kwa kijiko, na moja moja nitaivimbisha kwa mvuke. Hakuna pacha duniani atakayenikamata.

Nimeanza mazoezi leo hii na zile nyekundu zilizobaki. Pasi imekwama tena, lakini naona mwelekeo. Chini yake kulikuwa na gauni la yule mteja wa magauni, sijui lilifikaje hapo, na anakuja kulichukua kesho saa tatu. Nitamwambia ni mtindo mpya.