Makundi ya Leya na Macho ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa ofisi yetu ya uchoraji katangaza asubuhi: kitabu cha pili cha watoto kitachorwa na mmoja wetu tu, mimi au Bi Pasi. Tunamwita hivyo kwa sababu hupiga pasi hata leso. Uamuzi baada ya Ijumaa, mwandishi akishaona picha zetu. Kazi hii naitaka mpaka usingizi umeniruka. Picha yangu ya familia mezani imekamilika, na ni nzuri. Najisifu mwenyewe maana wengine wamechelewa. Ila Mkuu kachungulia leya zangu kwenye kompyuta, zile tabaka za picha zinazolaliana, kila moja ikizimwa na kuwashwa peke yake. Zote zinaitwa "Leya nakala ya nakala". Akauliza kama hilo ni faili au jalala. Bi Pasi akakohoa. Kikohozi gani, na mafua hana!

Jumanne, 4 Juni
Nimechungulia kompyuta ya Bi Pasi alipotoka kidogo. Leya zake zimo kwenye makundi, kila mtu wa pichani na kundi lake. Siigi. Mwacha asili ni mtumwa.

Jioni nikamkuta mke wangu akipanga vyombo. Vijiko na vijiko, vikombe na vikombe. Hapo hapo nikafunguka akili. Nikamwambia yeye ndiye mwalimu wangu. Akasema basi mwalimu anaomba nikasugue sufuria.

Jumatano, 5 Juni
Nimepanga kutwa. Kundi la Macho: ya babu, ya bibi, ya mtoto, ya mjomba, ya paka. Kundi la Pua. Kundi la Nywele, masharubu ya mjomba yakiwemo. Kundi la Miili. Leya nisizojua zimetoka wapi nimezitia kundi la Mengineyo, ambalo sasa ndilo kubwa kuliko yote. Bi Pasi akauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia ashughulike na yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni
Mwandishi kaja, mama mmoja mtaratibu, miwani puani. Picha ya Bi Pasi kaisifu. Yangu kaitazama zaidi. Kisha akasema hadithi imebadilika kidogo, mjomba kasafiri. Je, naweza kumwondoa? Nikajibu hilo ni la kufumba na kufumbua.

Nikazima mwili wa mjomba. Mwili ukaondoka. Macho, pua na masharubu vikabaki vinaelea juu ya kiti kitupu, vinatazama chai. Nikazima kundi la Macho. Familia nzima ikapofuka, na paka. Nikayawasha, nikazima Nywele. Bibi akawa na upara. Nikarudisha kila kitu haraka, ila mwili wa mjomba tu. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Pasi hakukohoa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo mwandishi akaanza kucheka. Kacheka hadi kavua miwani na kufuta machozi. Akasema mtoto aliyemkosa mjomba wake humwona hivi hivi, kiti kitupu na masharubu. Akaomba picha ibaki kama ilivyo. Nusura nilie mbele za watu kwa furaha.

Jumatatu, 10 Juni
Kitabu ni changu! Mkuu kanipa kwa sharti moja: Bi Pasi akae nami kila asubuhi, leya zote azipange yeye, mimi nisiguse kundi lolote. Nimemwelewa. Mtu akipanda cheo hupewa msaidizi. Nilipomweleza mke wangu alinipigapiga begani, akasema hongera.

Bi Pasi kaanza leo. Ana bidii, masikini, ila kupanga hajui. Kaniuliza jicho la kushoto la babu liko wapi. Nikamwambia lipo na macho mengine, litakuwa wapi tena? Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwonea huruma. Nitamfundisha polepole, hata ikichukua kitabu kizima.