Kaseti ya Bi Seonagi

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Injinia wetu Mskoti kaondoka. Mkataba umekwisha. Karakana nzima hapa Firq tulimuaga kwa halua na kahawa. Wenzangu wamerithi viti na jiko. Mie mtunza stoo nimerithi katoni ya kaseti za nyimbo za kwao.

Binamu yangu Hashil, mwenye duka la kaseti sokoni Nizwa, kaitazama katoni akauliza nani atasikiliza hayo. Nikamwambia asubiri. Sote wawili tunakitaka chumba cha mbele cha shangazi Ghanima, kile kinachoelekea barabarani. Yeye anakitaka kiwe ghala. Mie nataka nifungue duka la kaseti nimfungie lake. Shangazi hajaamua.

Watu wa huku wanapenda zumari za mfuko, zile zinazopigwa na bendi za jeshi. Uskoti ndiko kwenyewe. Mpango umekamilika.

Jumapili, 4 Oktoba
Nimezijaribu kaseti nyumbani kwa shangazi. Zumari safi kabisa. Jirani akaja kuuliza kama tunamwoza askari.

Kaseti iliyofuata haina zumari. Haina chombo chochote. Nikadhani redio imeharibika, nikaipigapiga. Kumbe ni mwanamke anaimba peke yake, kisha wanawake wengine wanamwitikia, na chini yao kishindo, kama watu wanagonga mlango kwa zamu. Kwenye jalada pana bibi kajifunga kitambaa kichwani, ng'ombe nyuma yake. Jina lake Seonagi. Nilitaka kuzima. Nikarudisha mwanzo. Nikarudisha tena. Sielewi kimenishika nini.

Shangazi akatoka jikoni, mikono ina unga. Tangu dada yake Sheha afariki kule Ibra, maneno yake ni ya kuhesabu, na nyimbo hatuzisikii tena. Akauliza:

"N'nani huyu? Sauti ya Sheha hasa. Anasemaje?"

Kiingereza changu ni cha bolti na mafuta ya gia. Sikuwa nimefahamu hata neno moja.

"Anamlilia dada yake, shangazi," nikasema.

Akakaa chini palepale.

Jumanne, 6 Oktoba
Shangazi anataka wimbo wote, mstari kwa mstari. Alhamisi jamaa wanakuja kutoka Ibra na anataka kuwasikilizisha. Akasema, nikimfanyia hilo, chumba cha mbele ni changu.

Nimeazima kamusi ofisini. Nimetafuta "hiri". Nimetafuta "horo". Hayamo. Bila shaka ni Kiingereza cha zamani sana. Nimesikiliza mpaka betri zikaisha, na ajabu ni kwamba nataka kweli kujua. Yule bibi anasema jambo, na wenziwe wanalikubali kwa nguvu.

Kwa kuwa muda ni mfupi, maneno nimeyatunga mwenyewe. Dada kaolewa nchi ya baridi. Kaacha kitana chake dirishani. Mdogo wake anakiangalia kila asubuhi. Nilipofika kwenye kitana nilitokwa na machozi mwenyewe.

Jumatano, 7 Oktoba
Shangazi kaniuliza mbona bibi anarudia maneno yaleyale, nami kila mara namtafsiria kitu kipya. Nikamjibu Kiskoti ni lugha pana.

Hashil kapita, kasikiliza, kaondoka bila ya kutoa kasoro. Hiyo si kawaida yake.

Alhamisi, 8 Oktoba
Siku mbaya. Ukumbi umejaa kina shangazi na mabinti wa Sheha kutoka Ibra, kahawa imeshazunguka. Nimesimama, nimesoma tafsiri yangu, wote wanajifuta macho. Hashil akaingia na mzungu. Muuguzi, jina lake Catriona, alipeleka redio yake dukani kwa Hashil kutengenezwa. Kwao Uskoti, tena visiwani.

Akasikiliza kidogo tu, akashika kifua. Akasema bibi huyo anaitwa Shonak, si Seonagi, na alikuwa jirani wa bibi yake. Hashil akatafsiri, polepole, ili kila mtu apate. Wimbo si Kiingereza, ni Kigaeli, lugha ya visiwani kwao. Si wa msiba. Wanawake hukaa kuzunguka meza, wakaipiga nguo mpya ya sufu iliyoroweshwa, mpaka ishikane iwe nzito. Kiitikio hakina maana yoyote, ni cha kushika mapigo tu. Na beti zinamtania msichana mmoja, mchumba wake anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe.

Shangazi akanigeukia.

"Khattab. Na kitana?"

Nikasema huenda msichana huyo naye alikuwa nacho.

Shangazi akanipa mgongo. Alimwomba Catriona aonyeshe. Likaletwa blanketi, likalowanishwa, wakalizunguka, wakapiga, wakasukumiana. Mapigo yaleyale ya kaseti. Shangazi akasema, "Jamani, hivi si ndivyo tulivyokuwa tukipiga makumbi ya nazi Unguja, mie na Sheha?" Akaanzisha wimbo wa wakati huo, wa kumtania mchumba wa Sheha, masikio yake makubwa. Mchumba mwenyewe ndiye baba wa mabinti wa Ibra. Walicheka mpaka maji ya blanketi yakamwagika zuliani. Shangazi alicheka kuliko wote. Nimesimama mlangoni na karatasi zangu.

Ijumaa, 9 Oktoba
Baada ya sala shangazi kaniita. Shikamoo yangu kaiitikia, lakini taratibu.

"Ungelisema hujui, tungetafuta anayejua," akasema. "Sheha alikuwa mcheshi, Khattab. Siku zote hizi nikimkumbuka kwa kilio, nawe ukaniongezea. Ulimfanya mtu wa kukaa dirishani."

Nilimbusu kichwa, nikaomba radhi. Kanipa. Chumba cha mbele hakunipa, wala Hashil hakukipata. Kitakuwa cha wanawake, waje na blanketi lao waimbe, na Catriona kesha­karibishwa. Kaseti ya Shonak kaichukua shangazi mwenyewe.

Nimeapa. Sitotia tena neno langu kinywani mwa mtu anayeimba. Leo nitalala vizuri.

Jumamosi, 10 Oktoba
Leo stoo nilikuwa nasikiliza kaseti nyingine ya katoni. Mzee, sauti nzito, kila beti anashusha pumzi kama kabeba gunia. Nikawa najiuliza kitu gani kinamlemea.

Akaingia Marzouq wa Jalan Bani Bu Ali, mwenye mashamba ya mitende, kafuata pampu yake. Akasimama kusikiliza. Kapenda sana. Akauliza mzee anaimba nini.

Nikamwambia anasifu tende.

Marzouq kafurahi kupita kiasi. Anataka beti zote kwa Kiswahili, awasomee wageni wake kwenye arusi ya mwanawe. Nimeshamaliza beti za aina mbili za tende, Khalas na Fardh. Kesho naingia Khasab.