Mimi, Baba Mkwe na Daraja la Mianzi

Leo nimejitupa mferejini. Sikuteleza wala sikusukumwa. Nimejitupa kwa hiari yangu, miguu ikitangulia, mbele ya darasa la sita zima, kamati ya shule na wahandisi waliotoka Mbeya mjini. Na daraja nililokuwa nimesimama juu yake lilikuwa zima kabisa.

Nawaandikia hapa kwenye kundi letu nikiwa nimejifunika blanketi, na tope bado liko kwenye sikio la kushoto. Naandika mapema kwa sababu habari imeshafika Kasumulu. Mume wangu yuko huko mpakani kwenye biashara zake, na kanipigia kabla sijavua viatu. Hakusema hata halo. Alicheka, akakata simu, akapiga tena, akacheka tena. (Nilimchagua mwenyewe, nisimlaumu mtu.)

Basi ngoja niipange habari yenyewe kabla hamjaletewa ya kutungwa.

Mnajua nafundisha sayansi shule ya msingi huku Njisi, Kyela. Mwaka huu wametufikia wahandisi wa kujitolea. Siku za kazi wanajenga barabara na matangi ya maji huko kwao, siku za mapumziko wanatufundisha sisi walimu namna ya kumfundisha mtoto uhandisi kwa vitu vilivyomzunguka. Kiongozi wao ni Injinia Salma, dada mwembamba mwenye gambuti za njano na sauti ya kuita kivuko. Siku ya kwanza alituambia, "Mwalimu, mtoto usimpe jibu. Mpe mzigo, mpe kamba, halafu nyamaza." Kunyamaza kulitushinda wengi. Mwenzangu Ambakisye, mwalimu wa hesabu, alijifunga leso mdomoni.

Sheria ya pili ya Salma ndiyo iliyoniponza: aliyejenga ndiye anayevuka wa kwanza.

Tukarudi darasani, tukawapa watoto mzigo. Kikundi kimoja kikaamua kutengeneza mashine ya kufukuza ndege mpungani: gurudumu la mianzi linazungushwa na maji ya mfereji, likizunguka linagonga kitu chenye kelele. Kikundi kingine, cha binti mmoja anaitwa Neema, kikasema kitajenga daraja la mianzi na kamba za migomba juu ya mfereji ulio kati ya shule na mashamba ya mpunga. Tukaomba wazazi watuletee vyuma chakavu, makopo na spoku, chochote walicho nacho.

Hapo ndipo anapoingia mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika. Sijawahi kulitaja tangu niolewe, na sitaanza leo kwenye simu.

Kwa ambao hamjaolewa Unyakyusani: mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawapishani njiani wala hawaangaliani. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi koo nyingi zimelegeza, ila ukoo nilioolewa mimi umeshika kwa mikono miwili. Na yule mzee ananipenda. Alinitobolea mlango wa pili jikoni kwangu ili akija kumsalimia mwanawe mimi nipite nyuma kwa raha zangu. Nilipojifungua alinitumia jogoo mkubwa kuliko mtoto.

Tunaishi vizuri kwa sababu ya kengele ya baiskeli yake. Ni kengele mbovu, inalia kama mtu anayekohoa ndani ya sufuria. Akikaribia popote nilipo, anaipiga kutoka mbali. Mimi nafunika kichwa kwa khanga na kupotea. Nikiisikia hata usingizini, naamka na kuelekea mlango wa nyuma.

Kwenye vikao vya kamati mimi hukaa nyuma ya mlango wa ofisi, naye hukaa mbele, na Ambakisye hukaa katikati kama mkalimani. Kikao cha mwisho kilikwenda hivi:

"Ambakisye, mwambie mwalimu, watoto wakibaki shuleni Ijumaa jioni kwa huo uhandisi, nani atawinga ndege? Mpunga umeshaanza kuiva."

"Mwalimu Ambakisye," nikajibu nyuma ya mlango, "mwambie mzee kuna mashine inakuja."

"Mzee, mwalimu anasema..."

"Nimesikia."

"Sasa mimi niko hapa kwa kazi gani?"

"Kaa hapo hapo," tukamjibu wote wawili.

Mzee akafikiri, kisha akatoa masharti. Atakuja siku ya maonyesho. Atapanda daraja upande mmoja, mtu mwingine mzima atapanda upande wa pili, wakutane katikati. Likiwabeba wote wawili, Ijumaa jioni ni ya watoto. Lisipowabeba, Ijumaa ni ya ndege.

Neema alinifuata baada ya kikao. Ni mtoto anayeshinda mpungani kila Ijumaa hadi giza, akirusha udongo na kupiga debe. Akaniuliza, "Madam, kwani babu ana uzito gani?" Hakuwa anatania. Alirudi akaongeza vigongo vya kukingamisha kila upande.

Leo sasa.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. (Kyela ikikosa mvua mwezi huu ndiyo habari.) Mpango ulikuwa rahisi. Ambakisye atavuka kutoka upande wa shule, mzee atavuka kutoka upande wa mpungani, mimi nitajificha nyuma ya stoo na kushangilia kimyakimya. Ambakisye alikuwa amemhakikishia mzee mwenyewe, "Mimi ndiye utakayekutana naye, tata, usiwe na wasiwasi." (Tata ni baba kwa Kinyakyusa.)

Watoto wakapanga mstari. Wahandisi wakatoa simu za kupigia picha. Kamati ikasimama chini ya paa, mzee bado hajafika. Ambakisye akalitazama daraja, akalitazama tumbo lake, akalitazama daraja tena.

"Dada Atu," akaninong'oneza, "tumbo linanikata."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoiona ile kamba."

Akaondoka kuelekea vyooni kwa mwendo ambao mwenye tumbo la kukata hawezi kwenda.

Injinia Salma akapiga makofi. "Haya, nani aliwasimamia hawa watoto kujenga?"

Watoto wakaninyooshea vidole. Wote. Neema ameinua mikono miwili.

"Basi avuke! Kwetu sisi aliyejenga ndiye wa kwanza. Madam, au huna imani na wanafunzi wako?"

Ningefanyaje? Nikasikiliza kwanza. Hakuna kengele barabarani. Nikatazama ng'ambo: mpunga na matete marefu, hakuna mtu. Nikajiambia mzee amechelewa kwa sababu ya mvua, nitavuka haraka na kurudi, watoto waone mwalimu wao haogopi. Nikapanda.

Lilikuwa daraja zuri, jamani. Linanesa kidogo tu. Darasa la sita likaanza kuimba jina langu, na mimi (kiburi ni kitu kibaya) nikapunga mkono.

Ndipo nikaisikia. Nyuma yangu, upande wa shule. Kohokoho ya sufuria.

Kengele ya baba mkwe!

Mwili ukafanya unachokijua. Nikavuta khanga kutoka mabegani, nikafunika kichwa hadi kidevuni, nikakimbilia ng'ambo ili nipotelee kwenye matete. Macho chini, naona viatu vyangu na mianzi tu. Nyuma kengele inazidi, tena kwa kasi ambayo baiskeli ya mzee haijawahi kuwa nayo. Hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Katikati ya daraja nikaona gambuti.

Zilikuwa nyeusi, ya kulia ina kiraka cha mpira wa baiskeli. Kiraka hicho nakijua. Kilibandikwa na mume wangu, mezani kwangu, kwa gundi yangu. Juu ya gambuti kulikuwa na mwavuli mkubwa ulioshushwa mbele kuzuia mvua, na chini ya mwavuli sauti ikisema kwa furaha, "Njoo, Ambakisye, njoo, lina nguvu hili!"

Nyuma kengele. Mbele gambuti. Kulia na kushoto maji.

Nikaenda kushoto.

Maji ya mfereji yalinifika kiunoni na tope likanifika magotini. Nikageukia ukingo, mgongo kwa daraja, khanga kichwani, nikasimama kama mzigo wa nguo chafu. Nikasema moyoni, angalau mmoja wetu amebaki mkavu.

Nikasikia sauti ya mwavuli ukianguka. Kisha: chubwi! Upande wa kulia.

Mzee naye alikuwa ameruka.

Fikirini hali ilivyokuwa. Mimi mferejini upande huu, nimeelekea ukingoni. Baba mkwe wangu mferejini upande ule, ameelekea ukingo wake. Katikati yetu daraja la watoto, zima, limenyooka, halina mtu hata mmoja.

Halafu darasa la sita likalipuka. Wengine walikaa chini kabisa. Mjumbe mmoja wa kamati alishika nguzo. Injinia Salma peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa hesabu yenye kosa.

"Samahani," akasema, "kwani limevunjika wapi?"

Kutoka upande wa pili wa daraja sauti ya mzee ikapaa, tulivu kabisa, kama yuko kikaoni. "Ambakisye! Mwambie mwalimu asamehe. Sikumwona kwa ule mwavuli."

Ambakisye bado yuko chooni.

"Injinia," mzee akasema, "wewe basi. Mwambie."

Salma akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mzee, lakini si yuko hapo hapo?"

"Mwambie tu, binti."

Salma akajongea ukingoni kwangu, akainama. "Madam, mzee anasema umsamehe."

"Mwambie namwomba yeye anisamehe. Na muulize ilikuwaje akatokea mbele wakati kengele yake iko nyuma."

Salma akavuka daraja letu mbio (peke yake, haihesabiki) akauliza. Akarudi. Jibu lenyewe ndilo hili. Tulipoomba vyuma chakavu, mzee aliona mwenyekiti hawezi kuja mikono mitupu. Akafungua kengele ya baiskeli yake, akaitoa kwa kikundi cha mashine. Leo kikundi hicho, nyuma ya stoo, kilishusha gurudumu lake mferejini kuwaonyesha wahandisi, na kwa mafuriko haya likazunguka kama limeingiwa na pepo. Mzee akijua hana tena kengele ya kunitahadharisha, akaamua kuzunguka mbali kwa njia ya mpungani, ili asije akanikuta ghafla barabarani.

Yaani alikuwa ananikwepa. Kwa adabu.

"Na alimtuma mtu akwambie habari ya kengele," Salma akamalizia.

"Alimtuma nani?"

Wakati huo Ambakisye alikuwa anatoka chooni, anafunga mkanda, anatabasamu. Akaona mfereji. Tabasamu likaisha.

"Aa," akasema. "Ile ya kengele. Nilikuwa naikumbuka, dada Atu. Ila mnanituma mambo mengi mno."

Nikatolewa na akina mama wa kamati upande wangu, mzee akatolewa na wanaume upande wake, kila kundi likitangaza kwa sauti lilipofikia ili tusigongane tena. Khanga yangu ilichukuliwa na maji, nikaazimwa sweta la shule kujifunikia kichwa.

Kila mtu alidhani mambo yameisha, isipokuwa Neema. Alisimama mbele ya Injinia Salma, hacheki.

"Injinia, sasa daraja limefaulu au limefeli?"

Wahandisi wakajadiliana kwa uzito wote, kama ni daraja la mto Songwe. Nusu ya darasa inaapa kwamba kuna sekunde ambayo mimi na mzee tulikuwa juu yake kwa pamoja, pale katikati, na halikulia hata kidogo. Nusu nyingine inaapa kwamba mguu wake wa pili ulikanyaga hapo katikati nikiwa nimeshapaa. Wakakimbilia picha ya Salma. Picha iko safi sana. Inaonyesha maji yaliyoruka kulia, maji yaliyoruka kushoto, na daraja tupu.

"Kwa kweli," Salma akamwambia Neema, "bado halijajaribiwa."

Macho yote yakamgeukia mzee, aliyekuwa chini ya paa akimimina maji kutoka kwenye gambuti. Nilikuwa nyuma ya stoo, sikumwona, ila nilimsikia.

"Tata mwenyekiti," Ambakisye akamuuliza kwa unyenyekevu wa mtu mwenye makosa, "tuwaambie nini watoto? Ijumaa ni ya nani?"

"Mtu hatoi uamuzi akiwa amelowa," mzee akasema. "Nitajibu nikikauka."

Akaenda zake, akisukuma baiskeli isiyo na kengele. Njia nzima aliimba kwa sauti kubwa, nadhani ili nijue alipo.

Jioni hii mama mkwe kanifikia. Kaniletea khanga yangu, imeopolewa mferejini, imefuliwa na kukunjwa, na mkungu wa ndizi mbivu kutoka kwa mzee. Nikamshukuru, "Ndaga fijo, mama," nikamuuliza kama mzee amesema chochote. Akasema mzee hajasema kitu. Amekaa karibu na moto amegeukia ukuta, na mara kwa mara mabega yanamtikisika. Hajui kama ni baridi au anacheka.

Ndizi ni ndiyo, Ijumaa ni ya watoto? Sielewi. Neema kashapita hapa mara mbili kuuliza.

Naomba msicheke, na atakayemwona Ambakisye asimpe ujumbe wowote. Nimechungulia nje sasa hivi. Bado inanyesha.