Mashua ya Mama Mulongo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mke wangu ameondoka. Miaka yote hii ya ndoa, Mama Mulongo ananiacha kwa ajili ya komeo! Ndiyo, nimeling'oa kwenye mlango wa chumba chetu nikalifunga kwenye sitaha ya mashua ninayoiunda uani, kamba ya tanga ipate pa kukazwa. Chuma kizuri, cha wakati nyumba za Mbotela zilijengwa na watu wenye akili. Akasema hawezi kulala katika chumba kisicho na komeo. Amekwenda kwa dada yake Triza, Mukuru kwa Njenga. Eti nichague, yeye au mbao zangu. Nichague nini? Mashua yenyewe ni yake!

Jumanne, 4 Machi

Komeo nimelirudisha. Sitaha tupu. Nyumba kimya.

Nimekumbuka Jumapili za uchumba wetu. Tulikuwa tukitoka kanisani tunatembea hadi Nairobi Dam, tunakaa majanini na njugu zetu, tunatazama mashua za Wazungu na matanga yao meupe. Lenah, wakati huo alikuwa bado Lenah, akaniuliza kama nitampandisha siku moja. Nikasema mwezi ujao. Khai! Ujana. Leo magugu yamelimeza bwawa zima, naye ana magoti mabaya. Lakini ahadi ni deni, na ziwani Naivasha maji yapo.

Jirani yangu Makau, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, amechungulia juu ya ua akauliza kama nangoja gharika. Pumbavu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Sokoni Gikomba, kwa fundi Kyule. Vishikio sita vizito, vinang'aa kama dhahabu. Ni vya majeneza, lakini chuma ni chuma. Tumebadilishana na redio yangu. Kyule akauliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hakuna, ni vya mashua. Akanipa pole vilevile. Mtu wa magoti mabaya atapata pa kushika akipanda. Mama Mulongo akiviona atarudi mbio!

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Lakini aibu tamu.

Bolti inataka watu wawili: mmoja juu ashike spana, mwingine chini akaze nati. Wa juu siku zote alikuwa Mama Mulongo, akiimba nyimbo za kanisa. Leo nimeizuia spana kwa jiwe. Vishikio vyote vimekaa, vitatu kila upande. Nikapaka vanishi, nikatandaza shuka nyeupe juu ya vijiti kuzuia vumbi, vishikio tu vikabaki vikichungulia. Nikatambaa chini ya sitaha kukaza nati ya mwisho. Humo ndani kuna ubaridi mzuri. Usingizi ukanichukua.

Nimeamshwa na wimbo wa maombolezo. Makau alikuwa akigawa kazi: nani alete viti, nani sukari, nani majani ya chai. Amefiwa, nikajiambia, maskini Makau. Kisha akaanza kumsifu marehemu. Fundi hodari. Jirani mwema. Mtu pekee hapa Mbotela aliyebaki na ndoto. Machozi yakanitoka. Nikiwa bado najiuliza huyo ni nani, akanitaja: Javan. Kumbe alikuwa amechungulia tena juu ya ua, akaona shuka na vishikio.

Mtu mwenye akili angetoka. Lakini Makau hajawahi kunisifu tangu tujuane, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza!

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Mulongo. Majirani walikuwa wamempigia simu, akaja kwa miguu kutoka Mukuru, na magoti yale. Akashika kishikio, akalia. Akasema komeo halikuwa kitu, alitaka tu nimfuate. Siku zote hizi alikuwa akitazama mlango wa Triza. Nikainuka upesi, nikagonga kichwa, nikatoka na shuka nyeupe mwilini.

Mbio! Viti chini, chai chini. Makau, anayelalamikia kiuno kila asubuhi, ameruka ua. Mama Mulongo peke yake hakukimbia. Alinikumbatia kwanza. Kisha akanipiga kwa kandambili.

Jumapili, 9 Machi

Mama Mulongo yuko nyumbani. Nina furaha, sifichi. Tumekunywa chai ya matanga yangu, na sukari ingalipo tele. Amekubali kushika spana tena, kwa sharti moja: kitu cha jeneza kisionekane hapa. Nimeapa. Vishikio nimeving'oa mwenyewe. Makau naye ametuma ujumbe kwamba maneno yake yote ameyafuta.

Mchana ametaka nimsindikize kwa Triza kuchukua nguo zake, tutembee polepole kama zamani. Nimemwambia atangulie, mgongo unauma. Alipokata kona tu, mimi huyoo, Gikomba! Kyule ana kifuniko chenye kidirisha cha kioo, safi kabisa. Kitakaa barabara pale mbele ya sitaha. Mama Mulongo akijilaza mle ndani, ataona mawingu. Nitamwambia ni dirisha tu.