Mgeni Huhesabiwa Mara Tatu

"Mumeo aliteleza bafuni, mama! Bafuni! Na sabuni mkononi! Sasa picha yake ikae katikati ya meza kwa ushujaa upi?"

"Na baba yako je? Miaka arobaini anauza nyama, mizani yake haikuwahi kusema kweli hata siku moja. Watu wale chakula huku wanamtazama, wakumbuke mifupa waliyouziwa kwa bei ya mnofu?"

Aliyeuliza swali la kwanza alikuwa Bwana Bucha, kasimama mlangoni pa duka lake na kisu mkononi. Aliyejibu alikuwa Mama Cherehani, fundi wa nguo wa upande wa pili wa barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama nishani. Kati yao palikuwa na mtaro, na pembeni ya mtaro, ameegemea ukuta anatafuna karanga za mtu mwingine, alikuwepo mgeni mmoja ambaye kule alikotoka walimwita Sukari Guru. Jina lilitokana na maneno yake: matamu, rahisi, na mwishowe huozesha meno.

Tumweleze bwana huyu kwa heshima anayostahili, yaani kwa ufupi. Alikuwa tapeli. Hakuwa tapeli hodari, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Aliwahi kuibiwa pochi sokoni, mwizi akaifungua, akamfuata mbio na kumrudishia ikiwa na nauli ndani. Siku hiyo viatu vyake vilikuwa vimefunua midomo kama vinaomba dua, na suruali ilikuwa na madirisha mawili upande wa nyuma. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni ujumbe wa dada yake: "Kaka, Jumamosi mwanao anaolewa. Mjomba ndiye wa kumtoa mlangoni. Njoo na heshima yako ya umeneja."

Miaka saba alikuwa amemwambia dada yake kwamba yeye ni meneja. Leo Jumanne. Amtoe mpwa wake mlangoni na suruali ya madirisha?

"Acheni kelele, mnanichanganyia mchele na mawe," sauti ikatoka barazani. Ni Bibi Funguo, mjane mkongwe wa mtaa, ungo mapajani, fungu la funguo kiunoni. "Sheria ni ile ile. Keshokutwa ndiyo Siku ya Kuwakumbuka. Kila nyumba italeta picha ya marehemu wake mezani. Mwenye hadithi ya marehemu asimame aiseme. Marehemu mwenye hadithi nyingi kuliko wote, picha yake inakaa katikati na nyumba yake inapewa ufunguo wa ghala mwaka mzima. Hadithi ya jirani inahesabiwa moja. Ya mgeni, mara tatu."

"Kwa nini ya mgeni mara tatu?" akauliza Sukari Guru, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Kwa sababu mgeni hana sababu ya kudanganya," akajibu Bibi Funguo. "Ila husimama mara moja tu."

Karanga ikampalia Sukari Guru. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Bibi Funguo akamtazama kwa jicho la kupepeta.

Ghalani, akaja kugundua kabla jua halijapinda, kulikuwa na turubai kubwa, viti mia moja na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Hakuna harusi wala msiba mjini uliofanyika bila kuvikodi. Katikati ya meza palikuwa pa marehemu, lakini ghala lilikuwa la walio hai.

Alianza na Mama Cherehani. Aliingia kibandani mwake, akaiona picha ukutani juu ya mashine, akakaa chini polepole.

"Shemeji," akanong'ona, "kumbe ndiye huyu! Ndiye aliyenivulia shati lake pale stendi, siku ile ya mvua."

"Mume wangu hakuwahi kumpa mtu shati."

"Ndiyo maana hakukwambia."

Mama Cherehani akasimamisha mashine. Akamtazama kuanzia viatu, akapitia madirisha, akafika usoni. "Unataka nini?"

"Suti."

"Lilikuwa shati la rangi gani?"

"Wewe ungependa liwe la rangi gani, shemeji?"

"La bluu," akasema Mama Cherehani, akamfungia futi kifuani. "Jizuie kupumua."

Kwa Bwana Bucha mambo yalikuwa magumu kidogo.

"Mzee alinipa maini bure," akaanza Sukari Guru.

"Baba yangu? Bure?" Bwana Bucha akacheka mpaka nyama zikatikisika kwenye kulabu. "Ndugu yangu, watu watakupiga mawe."

"Basi alinipimia sawasawa."

"Hiyo ndiyo hawataiamini kabisa. Sema alikuokoa kwenye maji."

"Alijua kuogelea?"

"Hata kuoga alikuwa haogi. Lakini wewe sema."

Wakakubaliana paja zima la mbuzi. Bwana Bucha akalitundika kwenye kulabu ya peke yake na kumwonyesha, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake picha ya mchumba. "Linakungoja. Ukishasimama tu."

Jioni ile Sukari Guru alikaa ukingoni mwa mtaro akatafakari. Alikuwa kama mtu aliyeuza jogoo mmoja kwa wanunuzi wawili, na jogoo mwenyewe ni yeye. Mgeni husimama mara moja. Akisimama kwa shati, paja limekwenda. Akisimama kwa paja, suti imekwenda. "Wenzangu hutapeli watu wakapata," akajisemea. "Mimi hutapeli watu nikapata kazi."

Ndipo Bibi Funguo alipomwita. Sebule yake ilinukia iliki na mafuta ya taa, na juu ya kabati palikuwa na picha kwenye fremu ya rangi ya dhahabu: bwana wa makamo, tai shingoni, masharubu yaliyochongwa, meno meupe yote thelathini na mawili.

"Nasikia unawajua marehemu wetu," akasema bibi, akimimina chai. "Na huyu wangu je?"

Sukari Guru akaitazama ile picha. Karatasi yake iling'aa kama ya kalenda. Akavuta pumzi, akaachia chozi moja, la jicho la kulia, maana la kushoto lilikuwa halimtii.

"Mzee wangu! Aliniokoa kwenye maji, bibi. Mafuriko. Alinishika kola, akaniambia, 'Kijana, hujafika mwisho.'"

"Hayo hayo aliyasema?"

"Kwa meno haya haya."

Bibi Funguo akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi nimezeeka, mwanangu. Watoto sikujaliwa, na hao wawili wanalitolea macho ghala langu kama paka kwenye samaki. Ukisimama kwa ajili ya mzee wangu, tukishinda, ufunguo ni wako. Vitoe, viuze, nenda zako. Mimi vya nini?"

Msomaji utauliza, hivi mtu anayeishi kwa kudanganya hakushtuka? Hakushtuka. Mpishi akipikiwa na mwenzake haonji kwanza. Hubugia tu kama watu wengine.

Alhamisi mchana meza ndefu ilinyooshwa katikati ya barabara, chini ya turubai. Picha zilipangwa, kila moja na ua mbele yake. Watu walikuwa wamevaa, wametulia, wanataniana na wafu wao kwa sauti ya chini. Sukari Guru alifika amevaa suti mpya ya rangi ya majivu. Mama Cherehani alikuwa amemvika mwenyewe asubuhi ile. "Usijinyooshe sana," alimwambia. "Nimeipiga bandi tu. Mshono wa mashine ni baada ya ushuhuda." Sukari Guru hakujua bandi ni kitu gani. Alidhani ni aina ya pasi.

Hadithi zikaanza. Marehemu mume wa Mama Cherehani akapata mbili, zote kutoka kwa wateja wenye nguo zao kibandani. Baba yake Bwana Bucha akapata mbili, moja ikiwa lawama. Kisha Bibi Funguo akagonga kijiko kwenye sufuria.

"Kuna mgeni?"

Sukari Guru akasimama. Mama Cherehani akatabasamu. Bwana Bucha akatabasamu. Wakaonana wakitabasamu, na kila mmoja akamhurumia mwenzake.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ni mtu mdogo. Lakini nisingekuwepo hapa, kama si yule pale." Mkono wake ukapita juu ya bwana wa shati la bluu, ukapita juu ya mzee wa mizani, ukatua kwenye fremu ya dhahabu. "Maji yalikuwa hapa, kifuani. Nikasema, leo nimekwisha. Ndipo alipokuja bwana huyu, na tai yake, na masharubu yake haya, akanyoosha mkono..."

Akaunyoosha wa kwake ili waone. Nyuzi za bandi zikakatika begani, mkono wa koti ukateleza taratibu mpaka kwenye kiwiko, ukaanguka ndani ya bakuli la maua.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha. Mtaa mzima ulikuwa unaitazama picha, kisha yeye, kisha picha. Mwishowe mwanamke mmoja wa nyuma akauliza kwa upole, "Huyu? Huyu wa fremu?"

"Ndiye."

"Huyu anayekuja na fremu kutoka dukani?"

Barabara ikapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega, wengine wakakaa chini kabisa. "Mimi ninaye mmoja chumbani, sijamtoa bado!" "Mimi ninao watatu!" "Huyu bwana kaoa mtaa mzima!" Kila duka la mji ule liliuza fremu zile zile, na ndani ya kila fremu alikuwemo bwana yule yule wa masharubu, kuonyesha picha inavyokaa. Marehemu mume wa Bibi Funguo hakupiga picha maisha yake yote. Bibi alinunua fremu, akashindwa kuiacha tupu, na miaka kumi na moja sasa mtaa ulimsalimia yule bwana wa dukani kwa niaba ya marehemu.

Kila mtu alilijua hilo, isipokuwa mtu ambaye hakuwahi kununua fremu. Na Sukari Guru angenunua fremu aweke picha ya nani?

Akapima umbali hadi kona. Viatu vikamwambia asijaribu.

"Mwongo!" Mama Cherehani akapiga kelele. "Mwongo mkubwa! Aliniambia atasimama kwa..."

"Kwa nani, mama?" akauliza Bibi Funguo.

"Kwa... adabu. Aliniambia atasimama kwa adabu."

"Ni tapeli huyu!" Bwana Bucha akadakia.

"Umejuaje, baba?"

Bwana Bucha akatazama upande wa kulabu zake, kisha akaanza kuhesabu maua ya mezani.

"Basi," akasema Bibi Funguo, akiinuka kwa kushikilia meza. "Kama hakuna anayejua lolote baya juu ya mgeni huyu, sheria ni sheria. Mgeni hana sababu ya kudanganya. Mara tatu. Mbili, mbili, tatu. Mzee wangu katikati, na ufunguo unabaki hapa." Akapigapiga kiuno. "Na lile paja la mbuzi linaloning'inia peke yake, naomba liingie sufuriani. Haifai liwe pweke siku kama ya leo."

Watu wakapiga makofi. Bwana wa masharubu akapelekwa katikati, akiwa na meno yake yote. Sukari Guru akamsogelea bibi, mkono mmoja wa koti upo, mwingine haupo.

"Bibi," akasema polepole, "uliniahidi ufunguo."

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Hivi hivi?"

"Ulitaka vipi? Na wewe ulikohoa vibaya siku ile. Mtu akipaliwa na karanga kwa sababu ya sheria, huyo ananifaa."

Sukari Guru akacheka, kwanza kidogo, halafu kicheko kikamzidi nguvu. Akakaa kwenye kiti. Akamweleza yote, kwa kuwa hakuwa na uongo mwingine wa akiba: dada, mpwa, Jumamosi, mlango, umeneja.

"Meneja wa nini?" akauliza bibi.

"Sikuwahi kufika hapo. Hakuuliza."

"Na mezani hapa una nani wako?"

Akaiangalia meza. "Mama yangu. Picha sina. Alikuwa akicheka sana jikoni, anasahau kama ameshatia chumvi, anatia tena. Tulikula chumvi utoto mzima. Hiyo ni ya kweli, bibi."

"Najua. Ya uongo ingekuwa na mafuriko."

Bibi Funguo akachukua sahani moja tupu, akaiweka mezani kando ya fremu ya dhahabu kwa ajili ya yule mama wa chumvi, akalaza ua juu yake. Kisha akamgeukia Mama Cherehani. "Fundi! Njoo na sindano. Huyu anamtoa mtoto wake Jumamosi, hawezi kwenda na mkono mmoja."

"Nishone? Baada ya haya yote?"

"Unataka nimwambie aeleze suti ameipataje?"

Mama Cherehani akaokota mkono wa koti kwenye maua, akaukung'uta, akaanza kutunga uzi huku akiguna. "Tena kaa wima," akamwambia Sukari Guru. "Na uchunge shati langu la bluu usilitaje popote."

"Jumapili urudi," akasema Bibi Funguo. "Masufuria haya yananishinda kubeba, na viti vinataka mtu wa kuvihesabu vikitoka na vikirudi. Dada yako akikuuliza, mwambie meneja wa masufuria."

"Bibi, unamwamini tapeli na ghala?"

"Tapeli gani? Wewe?" Bibi akamtazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo haikuwahi kumuuma Sukari Guru kama siku ile. "Mwanangu, umekaa hapa siku tatu. Umepata mkono wa koti tu."

Mvuke wa sufuria ukapita juu ya meza, paja likiwa ndani yake halina tena upweke. Bibi Funguo akaushika ule mkono wa koti ulioshonwa vizuri sasa, akamwongoza Sukari Guru kuelekea mlangoni kwake ambako vyakula vilikuwa vinapakuliwa.

"Haya, ingia ndani ule. Na uonje kwanza, mimi sikumbuki kama nimeshatia chumvi."